Kunywa bia bila hangova: mwongozo kamili kwa mnywaji wa Uganda

Mtu akiamka na kichwa kinachogonga, cha kwanza kulaumiwa ni aina ya bia. Wiki inayofuata anabadilisha chapa, anakunywa kiasi kile kile, na kichwa kinauma vile vile. Ukizunguka baa za Kampala, Jinja, Mbarara au Arua utakuta kila mtu ana bia yake "isiyoleta hangova", na mara nyingi bia hiyo hiyo ndiyo inayolaumiwa meza ya pili. Kinachoamua hali yako ya asubuhi ni gramu za kilevi ulizoingiza mwilini, kasi uliyoziingiza, na saa zilizobaki kabla ya kuamka. Chapa inahusika hasa kwa ile asilimia iliyoandikwa kwenye lebo.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyekwisha kuamua kunywa. Kwa Uganda mtu mzima ni wa miaka 18 na kuendelea. Mjamzito, mtu anayeendesha gari au boda usiku huo, mwenye homa ya ini na anayetumia dawa za kifua kikuu wasinywe hata kidogo. Ukiwa kwenye metronidazole, ile Flagyl inayotolewa kila mara kwa matatizo ya tumbo, maliza dozi kwanza, kisha ongeza siku tatu kabla ya kugusa chupa. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeshasema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kabisa. Kwa hiyo hapa tunazungumzia kupunguza madhara. Kinga kamili haipo.

Kwa nini asubuhi inauma

Kilevi kikifika kwenye ini hugeuzwa kwanza kuwa asetaldehidi, kemikali yenye sumu kuliko kilevi chenyewe, kisha huwa asetati ambayo mwili unaweza kuitumia. Ini lina kasi yake na haliharakishwi na kitu. Kahawa hailiharakishi, wala maji baridi, wala kutoka jasho. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za kilevi hupitia hapo, na kinachotoka kwa mkojo, pumzi na jasho ni kidogo sana.

Wakati ini linafanya kazi hiyo, mambo manne mengine yanaendelea. Kilevi huzuia homoni inayoziambia figo zibakize maji, na kila gramu 10 za kilevi hutoa takriban mililita 100 za mkojo wa ziada. Ukuta wa tumbo huwashwa na asidi huongezeka, ndiyo sababu ya kichefuchefu. Kinga ya mwili huamka kana kwamba umeingiliwa na ugonjwa, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya viungo na ule uchovu unaofanana na homa. Usingizi nao huharibika: unalala haraka, lakini kilevi kikianza kwisha katikati ya usiku, nusu ya pili ya usingizi inakuwa ya kukatika katika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hangova hufika kileleni pale kilevi kinapokaribia kwisha kwenye damu. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka saa kumi na moja alfajiri akijiona mzima, akajisifu, halafu kufika saa nne yuko chini. Saa ile alipoamka alikuwa bado amelewa.

Hatua ya kwanza: geuza chupa kuwa gramu

Chukua chupa, tafuta kwenye lebo maandishi madogo yenye alama ya asilimia. Kwa chupa ya kawaida ya Uganda, ile ya mililita 500, zidisha asilimia hiyo kwa 4. Jibu ndilo gramu za kilevi halisi. Chupa ya ukubwa mwingine inahitaji hesabu ndefu kidogo: mililita mara asilimia, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8.

Tusker Lager yenye asilimia 4.2 inatoa gramu 17. Nile Special yenye asilimia 5.6 inatoa gramu 22. Stauti ya asilimia 6.5 inatoa gramu 26. Chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 4, kama Castle Lite, inabeba gramu 10 au 11 tu. Kichupa cha waragi (pombe kali ya Uganda) cha mililita 200 chenye asilimia 40, kile kinachoingia mfuko wa nyuma wa suruali, kina gramu 64. Hizo ni karibu sawa na Nile Special tatu, na watu humaliza kichupa hicho kwa muda wa kusubiri nyama iive.

Ukishapata gramu, gawa kwa 8. Ini la mtu mzima huchoma kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na 8 ni namba ya kati inayofaa kupangia. Tusker inahitaji saa mbili na kidogo. Nile Special inahitaji karibu saa tatu. Kichupa cha waragi kinahitaji saa nane, yaani usiku mzima.

Hatua ya pili: anza na saa ya kuamka, hesabu kurudi nyuma

Hapa ndipo usiku mzuri unapopangwa, na ni vyema kufanya hesabu hii ukiwa bado nyumbani.

Tuseme Jumatano kuna mechi, unaanza kunywa saa moja usiku, na Alhamisi lazima uamke saa kumi na mbili asubuhi. Usipange kilevi kiishe saa ile ya kuamka, maana hicho ndicho kilele chenyewe cha hangova. Panga kiishe kabla ya saa nane usiku, ili mwili upate angalau saa nne za usingizi usiosumbuliwa. Kuanzia saa moja hadi saa nane ni saa saba. Saba mara nane ni gramu 56. Hizo ni Tusker tatu, au Nile Special mbili na nusu, au chupa ndogo tano za asilimia 4. Bajeti yako ya usiku ni hiyo.

Namba hizo ni za mwanamume wa kilo 70 hivi. Mwanamke, hata wa kilo hizo hizo, ana maji machache mwilini, kwa hiyo kilevi kile kile hupanda juu zaidi kwenye damu yake. Apunguze bajeti kwa theluthi moja. Mtu mwembamba wa kilo 50 afanye hivyo hivyo, na aliyevuka miaka 50 pia.

Jumamosi bajeti inaweza kupanuka kwa sababu ya kulala hadi saa tatu, lakini isipanuke bila mwisho. Mwanamume wa kilo 70 akinywa Nile Special tatu ndani ya saa moja, kiwango cha kilevi kwenye damu yake kinafika karibu gramu 0.12 kwa kila mililita 100. Akizinywa chupa hizo hizo kwa saa nne, kinakuwa karibu 0.08. Idadi ya chupa ni ile ile na gharama ni ile ile, lakini asubuhi ni mbili tofauti, kwa sababu hangova kali huwapata zaidi waliopita 0.1.

Hiyo 0.08 ndiyo pia mpaka wa sheria kwa dereva wa kawaida Uganda, na Kawunyemu, ule msako wa polisi wa kupima pumzi za madereva, hauwi barabarani usiku tu. Aliyekunywa Nile Special sita kuanzia saa moja usiku ameingiza gramu 134. Saa moja asubuhi ini limeshachoma 96, zimebaki 38, na kwa mtu wa kilo 70 hizo ni 0.08 kamili. Ameoga, amepiga mswaki, amekunywa chai, na bado anaweza kukamatwa akielekea kazini. Mwache mwenye boda akupeleke, gari lako lilale.

Hatua ya tatu: kuchagua bia

Kwa hesabu hiyo, bia bora ya kuepuka hangova ni yenye asilimia ndogo, kwenye chupa ndogo, na yenye ladha utakayoifurahia polepole. Bia za asilimia 4 hadi 4.5 zinakupa nafasi ya kukaa mezani saa nne bila kuvuka bajeti. Ukipenda Nile Special, inywe, lakini ujue chupa zake mbili zinakaribia tatu za zile nyepesi. Kosa la kawaida ni mtu kuhamia bia kali huku akihesabu chupa kwa mazoea ya ile ya zamani.

Nafaka haina uzito mkubwa katika suala hili. Eagle inatengenezwa kwa mtama, nyingine kwa shayiri, nyingine huongezewa muhogo au mahindi. Tofauti hizo utazipata kwenye ulimi na kwenye bei. Rangi ina athari kidogo. Vinywaji vyeusi vina mabaki mengi zaidi ya uchachu, zile kemikali ndogondogo zinazozaliwa pamoja na kilevi, na imethibitika kwamba wiski nyeusi huacha hangova mbaya kuliko vodka kwa kiasi kile kile. Kwa bia tofauti hiyo ni ndogo. Stauti inakuumiza hasa kwa sababu ya ile 6.5.

Bia ya baridi au ya moto? Mhudumu atakuuliza, na baa za Uganda zina wapenzi wengi wa bia isiyotoka kwenye friji. Kilevi ni kile kile. Tunapendekeza baridi kiasi, isiyo ya kugandisha, kwa sababu ile ya kugandisha wakati wa joto inashushwa kama maji ya kiu, na chupa ya kwanza inakwisha ndani ya dakika kumi. Kama una kiu, imalize kwanza kwa maji.

Kagua chupa kabla ya kufunguliwa. Tarehe ya mwisho ya matumizi iwe inasomeka. Kifuniko kisiwe na kutu wala kisiwe kimelegea. Stempu ya URA, mamlaka ya kodi, iwepo, na ukiwa na mashaka ichunguze kwa programu ya Kakasa kwenye simu. Bia iliyoanikwa juani kwenye kreti nje ya duka inanuka vibaya na ladha yake inaharibika. Hangova haitaongezeka kwa hilo, ila hakuna sababu ya kulipia bia iliyoharibika. Ifunguliwe mbele yako kila mara.

Mwenye jongo ajue kwamba bia huongeza asidi ya yuriki, na sahani kubwa ya nyama choma huongeza zaidi. Dole gumba la mguu likivimba kesho yake, hilo ni shambulio la jongo na linahitaji daktari.

Malwa, tonto na waragi

Malwa, pombe ya ulezi, au ajono kama wanavyoiita Teso, ina ugumu wake: haihesabiki. Chungu kiko katikati, mirija mirefu imezunguka, maji ya moto yanaongezwa kila yanapopungua, na hakuna anayejua amevuta kiasi gani. Nguvu yake hubadilika kutoka chungu hadi chungu, na ndani ya chungu kimoja hupungua kadiri maji yanavyoongezwa. Kwa hiyo pima kwa saa, acha kupima kwa ujazo. Keti saa mbili, vuta polepole, ondoa mdomo kwenye mrija wakati wa mazungumzo (wengi huuacha mdomoni muda wote na kuvuta bila kujua), kisha ondoka. Hakikisha maji yanayoongezwa yamechemka kweli kweli. Maji ya vuguvugu ya kisima ndiyo yanayoleta kuhara ambako watu hudhani ni hangova.

Tonto (pombe ya ndizi) na kwete (pombe ya mahindi) huendelea kuchachuka hata baada ya kuuzwa. Tonto ya jana ina utamu wa ndizi na kilevi kidogo. Ya siku tatu ina ukali na nguvu zaidi, na bado inatoa gesi tumboni. Uliza imetengenezwa lini. Ikiwa muuzaji hajui, chukua nusu glasi kwanza.

Waragi wa kiwandani wenye stempu unaweza kuhesabiwa kwa gramu kama bia, mradi upimwe kwa kipimo badala ya kumiminwa kwa macho. Mililita 25 za asilimia 40 ni gramu 8, yaani saa moja ya ini. Usiuchanganye na kinywaji cha kuongeza nguvu. Kafeini inaficha dalili za ulevi bila kupunguza ulevi wenyewe, unajiona mwenye nguvu, unaongeza, na kwa kuwa kafeini inakaa mwilini saa nyingi, usingizi nao unaharibika.

Waragi wa kienyeji usio na lebo tunashauri uachwe kabisa, na hapa hatutafuti njia ya katikati. Hatari yake ni methanoli, aina ya kilevi chenye sumu kali. Mwaka 2010 watu wapatao 80 walikufa, hasa katika wilaya ya Kabale, baada ya kunywa waragi wenye methanoli. Huwezi kuionja, huwezi kuinusa, na kuwasha pombe kwa kiberiti ili uone rangi ya moto hakuthibitishi chochote. Bei ya chini kupita kiasi ndiyo dalili pekee utakayoipata mapema.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kula saa moja au chini ya hapo kabla ya chupa ya kwanza. Kilevi hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, na chakula hukizuia tumboni kwa muda ili kiingie kidogo kidogo. Tumbo likiwa tupu, kilevi hufika kileleni ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ukishiba, kilele kinachelewa na kinakuwa chini zaidi. Kinachofaa ni mlo wenye wanga, protini na mafuta kidogo kwa pamoja: matoke na mchuzi wa karanga, posho na maharage na parachichi, au rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili kama huna muda. Kabalagala (vitumbua vya ndizi) mbili na soda si mlo.

Kosa kubwa hapa ni kutegemea muchomo wa baa. Unaagiza saa mbili, nyama inafika saa tatu na nusu, na wewe umeshamaliza chupa tatu juu ya tumbo tupu. Nyama iwe nyongeza tu. Kama ni lazima ule pale pale, agiza chakula kwanza, kunywa maji, na bia ije pamoja na sahani.

Kunywa glasi mbili za maji jioni hiyo. Usimeze aspirini wala ibuprofeni "ya kuzuia". Hizo pamoja na kilevi huuma ukuta wa tumbo na zinaweza kusababisha kutokwa damu. Kwa bajeti ya pesa, beba noti zinazotosha idadi uliyopanga, pamoja na nauli, na kwenye simu acha salio la kutosha boda tu. Pesa ikiisha, hoja imeisha.

Mezani

Mpangilio unaofanya kazi ni chupa moja ya bia, chupa moja ya maji ya mililita 500, kwa zamu. Nile Special moja hukutoa mililita 220 hivi za mkojo wa ziada, kwa hiyo nusu ya chupa hiyo ya maji ingetosha kurudisha. Faida kubwa zaidi ya maji ni kwamba yanaweka pengo la dakika ishirini au thelathini kati ya bia na bia. Maji peke yake hayazuii hangova. Aliyekunywa bia nane na maji nane ataamka bila kiu, lakini kichwa na tumbo vitamdai.

Weka vifuniko vya chupa ulizomaliza mfukoni. Baada ya chupa ya tatu kumbukumbu haiaminiki tena, na vifuniko haviongopi. Vinasaidia pia wakati wa kulipa bili.

Raundi ndizo zinazovunja bajeti za watu wengi. Mkiwa sita na kila mmoja "anatoa raundi", umeshapangiwa chupa sita kabla hujaketi. Njia ya heshima ni kutoa raundi yako mapema, halafu zamu za wengine zikifika mwambie mhudumu: "Mimi niletee maji," au "Yangu iache kaunta." Bia uliyonunuliwa ambayo haijafunguliwa inaweza kubadilishwa na soda, au ikakusubiri wiki ijayo kwenye kafunda (kibaa cha mtaani) mnalolijua. Ikifunguliwa tu, umepoteza hoja. Basi mwambie mhudumu tangu mwanzo asifungue chupa yako yoyote bila kukuuliza, na asikumiminie: chupa ikae kwako, umimine glasi ikiisha kabisa. Glasi inayojazwa kila dakika ikiwa nusu haihesabiki.

Bia kabla ya waragi au waragi kabla ya bia? Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani na Uingereza walichapisha jaribio la watu 90 lililolinganisha bia kabla ya divai na divai kabla ya bia. Mpangilio haukubadilisha hangova hata kidogo. Kilichoitabiri ni jinsi mtu alivyojiona amelewa, na kama alitapika. Kuhamia waragi usiku wa manane kunaumiza kwa sababu mkono umeshazoea kasi ya bia na kinywaji kina nguvu mara saba hadi kumi.

Sigara huongeza hangova. Wanaovuta siku ya kunywa sana huamka vibaya kuliko wasiovuta waliokunywa sawa nao. Kucheza dansi katika ukumbi wenye joto hukausha mwili, kwa hiyo ongeza maji. Na ukianza kurudia sentensi, kuongea kwa sauti ya juu kuliko muziki unavyodai, au kukosa mdomo wa glasi, umeshapita. Chupa iliyo mbele yako hapo, hata kama imejaa nusu, iache.

Kabla ya kulala

Kunywa nusu lita ya maji polepole. Kula kitu kidogo, ndizi mbivu mbili au kipande cha chapati, kwa kuwa kilevi hushusha sukari ya damu wakati wa usingizi. Paketi ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kutoka duka la dawa, ikoroge ndani ya lita moja ya maji safi. Kunywa glasi sasa na nyingine weka karibu na kitanda. Bila paketi, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa. Chumvi ikizidi utatapika.

Usimeze Panadol usiku huo. Ini liko kazini, na mnywaji wa mara kwa mara au ambaye hajala anajiweka kwenye hatari ya kuliumiza zaidi. Usimeze dawa za usingizi kabisa.

Mwenzenu aliyelewa kupita kiasi alazwe ubavu, goti la juu limekunjwa ili asigeuke, na asiachwe peke yake. Asipoamka ukimfinya, akipumua chini ya mara nane kwa dakika au kwa kukatizwa, ngozi ikiwa ya baridi na midomo ya buluu, mpelekeni hospitali sasa hivi. Kumwagia maji baridi hakusaidii.

Asubuhi ikiwa imeharibika

Anza na maji au ORS kwa midomo midogo. Ukitapika, subiri dakika kumi, kisha rudi kijiko kwa kijiko. Tumbo likitulia, kula. Katogo ya matoke na matumbo inarudisha wanga, chumvi na maji kwa sahani moja, na supu ya mulokony (kwato za ng'ombe) inafanya kazi hiyo hiyo, ila kama tumbo bado linachafuka epuka yenye mafuta mengi na pilipili. Uji wa bushera ni mwepesi zaidi kumezwa; hakikisha tu ni ule usiochachuka sana. Chai ya tangawizi hutuliza kichefuchefu. Kahawa kikombe kimoja baada ya chakula, hasa kwa aliyeizoea kila siku, maana akiikosa kichwa kitamuuma kwa sababu nyingine.

Kwa maumivu ya kichwa, ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 baada ya kula inafaa, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la figo. Soma karatasi ya vidonge vya mchanganyiko vya dukani, kwa sababu vingi vina aspirini ndani. Halafu lala tena kama unaweza. Muda ndio tiba pekee inayomaliza hangova, na nyingi huisha ndani ya saa 24.

Kuzimua kwa bia ya asubuhi kunaonekana kufanya kazi kwa sababu kilevi kipya kinaahirisha kilele cha hangova, na kinalifanya ini liache methanoli kidogo iliyobaki na kushughulikia kilichoingia. Deni linasogezwa hadi jioni na kuongezwa riba. Ukiona unaanza kuhitaji kuzimua kila mara, na mikono inatetemeka hadi upate glasi ya kwanza, hiyo haiitwi hangova tena. Mwili umeshazoea pombe, na kuiacha ghafla peke yako nyumbani kunaweza kuleta degedege. Nenda hospitali uachishwe kwa usimamizi. Hospitali ya Butabika, Kampala, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya.

Dalili ambazo si hangova

Kichwa, viungo kuuma, kichefuchefu na udhaifu ndizo dalili za hangova, na ndizo dalili za malaria pia. Hapa Uganda kosa hilo linaua. Hangova haileti homa ya nyuzi 38, haileti kutetemeka kwa baridi, na haizidi siku ya pili. Ukiona lolote kati ya hayo, au dalili zikija baada ya bia moja tu, nenda kituo cha afya ukapimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika kumi na tano au ishirini.

Ukiwa umekunywa pombe kali isiyo na lebo, angalia macho. Methanoli huweza kukaa kimya saa 12 hadi 24, kisha yanafuata maumivu makali ya tumbo, pumzi za haraka, na kuona ukungu mweupe. Usisubiri ipite, usilale kwanza. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, taja ulichokunywa na saa uliyokunywa, beba chupa yenyewe kama ipo, na wapigie simu wote mliokuwa nao mezani waje wapimwe hata kama wanajisikia wazima.